Negativu za Bibi Hazina Kazi Studio



Leo sikuja na mtindo wa gauni wala bei ya mitandio. Leo nimekuja kugomba, na wa kwanza kugombezwa ni mimi mwenyewe.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtoto wa Unguja. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushoni, nikaolewa Kyela, kusini-magharibi mwa nchi, kule Ziwa Nyasa linakoanzia. Hapa mjini Kyela nina duka, nashona na kukodisha magauni ya harusi. Waislamu hapa hatujai mtaa kama kwetu visiwani, lakini harusi zetu tunazo, na ndani tunafunga pazia kama nyinyi. Wanaume wakae wao, wanawake wakae wao. Basi hili nitakalolisema limetokea huku, lakini najua na huko lipo.

Mwaka juzi alinijia biharusi mmoja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na negativu 12 za mkanda mweusi na mweupe, zile kubwa za mraba, kila moja kiasi cha sentimita 6 kwa 6. Ilikuwa harusi ya bibi yake, mwaka 1974, upande wa Ipinda. Picha za karatasi zote zilikwisha kuharibiwa na maji, maana nyumba za bondeni huku hazisalimiki na mafuriko. Zilizosalia ni negativu tu. Biharusi alitaka nimshonee mikono ya gauni kama ya bibi yake, na alitaka picha moja kubwa ya bibi na babu iwekwe ukumbini.

Mimi bila kufikiri nikamwambia, "Mdogo wangu, zipeleke studio. Vijana wale watakuskania zote kwa siku moja."

Kweli zilirudi siku ya pili. Picha ya ukumbini ikatoka nzuri, tukafurahi. Haikupita wiki, picha nyingine ikaanza kutembea kwenye magrupu ya simu. Hii haikuwa ya bibi na babu, ilikuwa ya ndani. Bibi ni biharusi, kichwa wazi, nywele zimesukwa, khanga kifuani, mkono ameunyoosha anapakwa hina. Nyuma yake wako mashoga zake saba, nao hivyo hivyo, wanacheka. Aliyeipiga alikuwa wifi yake, aliyeazima kamera kwa sababu mpiga picha mwanamume hakuruhusiwa kupita pazia. Na juu ya picha ile mtu ameandika mzaha kuhusu warembo wa zamani.

Tulikwenda studio. Kijana akasema hakuituma yeye, kompyuta ya duka inashikwa na watu wengi. Nami namsadiki. Lakini kumsadiki hakukuirudisha picha.

Kisha tukaenda kwa bibi. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa chini, nikamwambia kosa ni langu. Aliitazama ile simu kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nipo, nitasamehe. Lakini hawa watano wameshatangulia. Wao utawaomba radhi wapi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndiyo sababu naandika.

Pazia tulilolifunga, tunalifungua wenyewe

Dada zangu, sisi ni watu wa ajabu. Harusi yetu ya leo tunaweka mtu mlangoni kukusanya simu. Tunatafuta mpiga picha mwanamke, tukimkosa twaacha. Tunajua Suratun-Nur aya ya 31 imetaja nani wa kuonyeshwa pambo na nani si wa kuonyeshwa. Halafu negativu za mama zetu, ambamo mna pambo lile lile na vichwa vile vile, tunazitia kwenye mfuko wa plastiki na kumkabidhi mtu tusiyemjua hata jina, akae nazo usiku kucha.

Negativu inatudanganya kwa sura yake. Ukiitazama unaona nyeusi mahali pa nyeupe, na nyeupe mahali pa nyeusi, uso haujulikani. Unadhani ni takataka ya picha. Mimi fundi wa nguo nitawaambia ilivyo: negativu ndiyo pateni, na picha ya karatasi ni gauni lililoshonwa. Gauni likichanika, mwenye pateni atashona jingine. Aliyechukua pateni amechukua magauni yote, yaliyoshonwa na yasiyoshonwa. Kwenye albamu ya bibi huenda waliweka picha nne za heshima. Kwenye negativu ziko zote 12.

Najua mtaniambia, hata zamani fundi wa chumba cha giza alikuwa mwanamume na aliziona. Ni kweli, wala sisemi wote walikuwa malaika. Lakini pimeni. Kwetu Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Vizazi vya watu wamepigwa picha pale. Fundi wa namna hiyo ulijua duka lake, baba yake na mtaa wake. Akisafisha mkanda alikuwa ameona yeye mmoja, na ili mtu mwingine aone ilibidi atumie karatasi, dawa na muda wake. Leo nakala haigharimu chochote. Kijana hahitaji hata kuwa na nia mbaya. Inatosha aache faili kwenye kompyuta ya duka.

Msinijibu kwamba kuna sheria. Ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini sheria humshika mtu baada ya aibu kutoka. Sitara huwekwa kabla.

Na nyinyi mnaochoma

Upande wa pili wapo dada zangu wengine, na hawa nawapenda kwa dini yao lakini nitawagomba pia. Mama akifa tu, wiki haijesha, boksi la negativu limeshawekwa kwenye moto nyuma ya nyumba. "Picha hazifai, tumepumzika."

Mimi si mwanachuoni. Najua masheikh wamehitilafiana kuhusu picha, wengine wamekaza na wengine wameruhusu kwa masharti. Kila mtu amfuate anayemwamini. Lakini nauliza swali dogo: zile negativu ni zako? Mama alikuwa na watoto sita, na ndani mna shangazi, mna majirani, mna mtoto aliyefariki ambaye hana picha nyingine duniani. Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha amana tuzirudishe kwa wenyewe. Haikusema tuzichome kwa niaba yao. Mwenyewe akitaka yake ifutwe, ifutwe. Lakini uulize kwanza.

Tena tuangalie tunachokipoteza. Kati ya mwaka 1934 na 1938 walikuja huku kwa Wanyakyusa wataalamu wawili, mtu na mkewe, Godfrey Wilson na Monica Wilson. Wakati huo Kyela bado ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe. Waliandika kuhusu ndoa, misiba na mila, na walipiga picha. Karatasi zao na picha zao zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Yaani bibi wa watu wa bonde hili, picha yake aliyopigwa na mgeni imetunzwa mbali huko. Picha aliyopigwa na wifi yake mwenyewe, akicheka kwa uhuru, sisi tunaipeleka motoni au tunaiacha iliwe na ukungu. Kesho mjukuu akitaka kumjua bibi yake atamwona kwa jicho la mgeni tu.

Na hata maktaba kubwa si ngome. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulitoka mlimani ukaunguza ukumbi wa kusomea wa Jagger wa chuo hicho hicho. Ndiyo ujue kwamba kitu kilichopo mahali pamoja tu ni kama hakipo.

Kinachokula negativu za Kyela

Wengine hawachomi wala hawapeleki studio, wameziweka tu juu ya kabati. Huku kwetu hiyo ni kuchoma polepole. Bonde hili mvua zake ni nyingi, na mwezi wa nne hata viatu kabatini vinaota ukungu. Picha ya mkanda mweusi na mweupe ni chembe za fedha, fedha halisi, zilizoshikwa ndani ya gelatini. Na gelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa ukungu hicho ni chakula. Visiwani nako unyevu wa bahari hauna huruma.

Nusa boksi lako. Ukisikia harufu ya siki, plastiki yenyewe ya mkanda imeanza kuoza, wala haitarudi nyuma. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza.

Na jamani, acheni kuzifukia ndani ya mchele. Mchele wa Kyela ni wa pilau. Haunyonyi unyevu kama mnavyodhani, na vumbi lake linashika kwenye mkanda. Tumieni vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu na mikoba, vikiwa vipya, ndani ya kopo linalofunga vizuri. Kila mkanda uvishwe bahasha yake ya karatasi, usirundikwe kwenye mfuko wa plastiki.

Nyumbani, mlango umefungwa, kwa simu mbili

Sasa mtaniuliza, tutaskani vipi bila studio? Nilijiuliza hivyo hivyo baada ya yale ya bibi, nikajifunza nikiwa na mama mkwe wangu mezani. Si kazi ngumu kuliko kutia zipu isiyoonekana.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa kitu, zima data kwenye simu, na uzime ile huduma inayopeleka picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni yenyewe. Hili wengi hawalijui. Unapiga picha ukidhani iko kwako, kumbe imeshapanda, na shemeji anayetumia akaunti moja na mumeo anaiona kwenye simu yake.

Osha mikono, kausha vizuri, shika mkanda pembeni tu. Vumbi liondoe kwa kupuliza kwa kile kipira cha kuvutia kamasi za mtoto, kikiwa kipya na kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yatarukia, wala usifute kwa kitambaa. Usioshe kwa maji, ukungu umeilainisha gelatini na picha inaweza kuvuka.

Chukua simu kubwa au tableti, fungua picha nyeupe tupu, ongeza mwanga mpaka mwisho. Juu yake weka kifuniko cheupe cha kopo la aiskrimu ili mwanga usambae. Kata dirisha kwenye kadi nyeusi, kubwa kidogo tu kuliko picha, mkanda ukae hapo ukiwa umenyanyuliwa kama sentimita 3 juu ya kioo. Ukiulaza juu ya kioo chenyewe utaona vinukta vya skrini ndani ya uso wa bibi. Upande wa mkanda usiong'aa ndio wa dawa, ndio wenye picha. Usiuguse kabisa.

Simu ya pili iweke juu, imelala sawasawa, imeshikiliwa na vitabu au viti viwili vidogo. Usiisogeze karibu mno, simu nyingi zikikaribia sana haziwezi kuona vizuri. Afadhali iwe mbali kidogo halafu ukate kingo baadaye. Zima taa za chumba, funga pazia, weka kihesabu cha sekunde 3 ili mkono usitikise.

Kuigeuza iwe picha, tumia programu ya kuhariri inayofanya kazi bila mtandao, kwa mfano Snapseed. Tafuta kile kimstari kinachopanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ncha ya kushoto ipandishe juu kabisa, ya kulia ishushe chini kabisa. Pale pale nyeusi inakuwa nyeupe, na uso unatoka. Mara ya kwanza mimi nilisema Subhanallah kwa sauti. Ukiona nguo zimefungwa upande usio wake au maandishi yanasomeka kinyume, geuza picha kushoto kulia. Na msipeleke hata moja kwenye zile tovuti za kugeuza picha bure. Bure yao ni kuichukua picha yako.

Mwenye uwezo anunue skana, lakini iwe yenye taa kwenye mfuniko, kama Epson Perfection V600. Skana ya kawaida ya ofisini haina taa juu, itakutolea weusi mtupu. Negativu za mraba za sentimita 6 ziweke kwenye nukta 2400 kwa inchi, zitatosha kutoa picha kubwa ya ukutani. Zile ndogo za milimita 35 ziweke 3200. Kile kitufe cha kuondoa vumbi chenyewe kizime. Kimetengenezwa kwa ajili ya mikanda ya rangi, na fedha ya mkanda mweusi na mweupe hukichanganya, kinaharibu picha kikidhani kinasafisha.

Ukimaliza, weka nakala kwenye flashi mbili. Moja kwako, moja kwa dada yako anayeishi nyumba nyingine. Na siku unayompa fundi simu yako, faili hizo zisiwemo.

Nitakubali jambo moja. Ikiwa negativu zimegandana au picha inabanduka, usizilazimishe, hiyo ni kazi ya mtaalamu. Lakini kaa naye, mtafute mwanamke kama yupo, skani iende kwenye flashi yako mbele ya macho yako, na uondoke na vyote. Ukiambiwa uviache urudi kesho, ondoka navyo.

Kazi yetu sisi wenye maduka

Wenzangu washonaji, wapambaji na mnaokodisha ukumbi, na nyinyi mnanisikia. Siku hizi kila biharusi anataka ya kale: mikono ya bibi, nywele za bibi, picha ya bibi mlangoni. Ni pesa nzuri, sikatai. Lakini sisi ndio tunaosema "leta picha za zamani", na sisi ndio tunaowatuma studio. Mimi nilituma. Basi tuseme maneno mengine: "Bibi mwenyewe amekubali? Zilizo ndani ya pazia umezitenga?" Mimi sasa sipokei bahasha kabla ya jibu. Na nikiskani, naskani pamoja na mwenyewe, faili anaondoka nazo, kwangu habaki hata uso mmoja.

Mtaniambia nitapoteza wateja. Nimepoteza wawili. Mmoja alisema nina mambo mengi. Sawa.

Yule biharusi wa kwanza hakuniacha. Tulizichukua zile negativu 12, tukaziskani upya mezani kwangu, na bibi amekaa pembeni na miwani yake. Nilipoikuza moja niliona kitu ambacho ile ya studio haikuonyesha: kwenye kiwiko cha gauni mlikuwa na marinda madogo matano yaliyokusanywa kwa uzi wa mkono. Bibi akasema alimshonea dada yake, usiku, kwa taa ya chemli. Rangi nikamuuliza, maana mkanda hausemi. "Maziwa," akasema, "si nyeupe kama hizi zenu." Nikashona hivyo, kwa rangi ya maziwa.

Picha za ndani zilikuwa tatu. Bibi akasema mbili zifutwe, nikazifuta mbele yake. Ya tatu, ile ya hina, akasema ibaki kwa wajukuu wa kike tu, waione chumbani, wawaombee dua wale watano kwa majina. Akanitajia majina yote. Negativu zenyewe akazifunga kwenye khanga, akaziweka kwenye sanduku lake. Mimi nikampa kopo na vipakiti vya kukausha, akacheka, akaniambia "ndaga fijo".

Ile iliyotoka haijarudi wala haitarudi. Kila nikisikia mlio wa grupu bado nashituka.

Wewe unayesoma, leo usiku muulize mama yako boksi liko wapi. Kaa naye, lifungue naye. Kama bibi yu hai, usingoje mpaka masika. Na kama ulishazipeleka mahali, kesho asubuhi nenda ukazichukue, na kabla hujaondoka mwambie afute nakala zote ukiwa umesimama pale.

Allah atusitiri sisi na atusitirie mama zetu, waliohai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.